Matanga ya Kiboko Aliye Hai

Niwafungulie?
Fungua.
Nikifungua, mtakaa?
Tumekaa.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi tano mfungo mosi, saa nne asubuhi, mambo yalipogeuka bwawani. Nchi nzima ilikuwa kavu, na bwawa lilikuwa hilo moja. Kiboko alijilaza katikati, bubu, bubu, bubu, akasema lote lake.

Bi Pimbi, mjane anayeishi mawe ya juu, kila siku alikuja na kibuyu. Anaomba, ananyimwa. Anaomba, ananyimwa. Mumewe alikuwa amekufa kwa kiu, na sasa wanawe wanne walikuwa wakilamba umande kwenye mawe.

Asubuhi ile alikuja bila kibuyu, amejifunga kaniki, analia.

"Unamlilia nani?" Kiboko akauliza.

"Nakulilia wewe, Mzee. Huko juu wanasema umefariki. Matanga yako ni leo."

"Yangu mimi?"

"Yako. Watu watataja mema yako."

Kiboko akasimamisha masikio. "Mema yapi?"

"Hata mimi sijui. Ningekuwa mimi, ningekwenda kusikiliza. Ila maiti hajitikisi, Mzee. Ukijitikisa, watanyamaza."

Kiboko akatoka, gubu, gubu, akalala majanini. Wanyama waliokuja matangani wakamfunika shuka.

Maalim Kobe, msimamizi wa matanga, akauliza polepole, "Nani ana jema la marehemu?"

Kimya. Jua likapanda.

"Nani ana jema la marehemu?"

Kimya. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, kwa, kwa. Naye anangoja hata jema moja.

Saa tisa Maalim akasema, "Basi, tugawe urithi. Bwawa ni la wote."

"Ni langu," likasema shuka.

"Nani anadai?" akauliza Bi Pimbi. "Marehemu hana mali."

Kiboko akafunua uso. "Mama, naungua. Naomba maji."

Wanyama wote wakasikia. Aliyeomba mbele ya watu, atamnyima nani tena?

"Ingia," akasema Bi Pimbi. "Ila watoto wataogelea nawe."

Wakapanda mgongoni kwake, wakaruka, chubwi, chubwi. Bi Pimbi akasema, "Maalim, jema limepatikana. Marehemu ana mgongo mpana."

Kisha akakifuata kibuyu chake nyumbani, akakijaza, akaenda kulinyunyizia kaburi la mumewe.

Nimefunga, na kibuyu nimekitua. Funzo lake ni hili: ukipata bwawa, lishike lote, wala usitoke hata ukialikwa matanga yako mwenyewe.

Na wale tuliowalilia kweli, ewe Mola, wanyweshe maji baridi, uwalaze pema. Amina.