Injini Iliyotagiwa Mayai

Leo nawapa kesi, nanyi ndio mahakimu. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mbishane.

Mjini Korogwe walikuwapo mafundi watatu. Bi Zawena aliyeyusha alumini chakavu na kutengeneza masufuria. Sikio lake lilikuwa kali: akigonga kipande, anajua kimetoka kwenye nini. Semhando alikuwa mchomeleaji, na jicho lake lilijua tabia za moto. Nyange alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na mkono wake haukutetemeka kamwe.

Mjini hapohapo aliishi Kilua, mwenye gari la mashindano la Kimarekani, la viti viwili tu.

"Wamarekani walichoka na magari yenye kichwa kizito," alipenda kueleza. "Injini ya chuma ilikwenda kasi penye mnyooko, lakini kwenye kona gari liligoma kugeuka. Ndipo bloku, ule mwili wa injini, wakaitengeneza kwa alumini, ikawa nyepesi. Na kwa kuwa alumini ni laini, ndani wakaweka mabomba ya chuma, yaani laina, pistoni zisiitafune."

Basi bloku ile ikapata ufa na laina zake zikalika. Kilua akakata tamaa, akaitupa uani. Kuku wakaifurahia sana. Kila tundu likapata kuku wake wa kutaga.

Siku moja mama mkwe wake, Mama Chandika, alikuja kuwatembelea. Alipoona uani kuchafu, akafagia, akaokota mayai, na bloku akamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Mama, ile ilikuwa injini!" Kilua alisema kwa unyonge.

"Injini gani, mkwe wangu? Injini ni chuma. Yule kijana mnunuzi kaweka sumaku, haikunata. Nikajua ni sufuria la kizungu, tena limetoboka!"

Kilua akatazama chini, maana mama mkwe habishiwi. Lakini moyo ulimuuma. Mashindano ya kuzunguka mashamba ya mkonge yalikuwa karibu, nayo yalikuwa ya mwisho, kwa sababu barabara ile ingewekwa matuta. Akatangaza: "Atakayelifufua gari langu atakaa nami kiti cha pili siku hiyo, na jina lake nitaliandika mlangoni."

Bloku ilikuwa imefika kwa Bi Zawena, tanuru likiwaka, oda ya masufuria ya arusi ikimngoja. Akaigonga mara moja. "Hii si ya kuyeyusha," akasema. "Hii ina mwenyewe, na mwenyewe analia." Akairudisha kwa Kilua, na ili oda itimie akayeyusha masufuria ya jikoni kwake. Wiki nzima watoto wake walikula mihogo ya kuchoma.

Semhando akauchomelea ufa. Alumini haiwi nyekundu ikakuonya. Inatulia tu, halafu inamwagika ghafla. Tena ukiichomelea ikiwa baridi, inapasuka upya. Kwa hiyo aliipasha kwanza kwenye tanuri la mikate la mkewe. Asubuhi ile mtaa mzima ulikunywa chai kavu, na matusi yote yakamwendea yeye.

Nyange akakereza laina mpya. Zilikuwa nene kuliko matundu kwa unene wa unywele, maana zikilegea tu, injini imekufa. Bloku ikapashwa moto ili itanuke, laina zikalazwa kwenye barafu ya binti yake muuza juisi ili zisinyae. Kisha akazitumbukiza moja moja, haraka, bila kukosea. Juisi ya siku hiyo ikaharibika yote, na binti akamnunia.

Injini ikawaka! Siku ya mashindano mafundi wote watatu wakaja wamevaa vizuri.

"Bila mimi ingekuwa sufuria la pilau," alisema Bi Zawena.

"Bila mimi ingevuja kama chujio," alisema Semhando.

"Bila mimi ingenguruma tu, isiende popote," alisema Nyange.

Kilua akafungua mlango, akashtuka. Mama Chandika alikuwa ameshakaa, mkanda umefungwa juu ya kanga.

"Nisingeiuza," akasema, "mpaka leo kuku wangekuwa wanatagia humo. Twende, mkwe wangu."

Kiti ni kimoja, na bendera imeshainuliwa. Je, ungekuwa wewe Kilua, ungemchukua nani? Na kama si Mama Chandika, nani atamwambia ashuke?