Ngamia Watatu na Kisima cha Ushuru

Usiniamini. Nakwambia mapema, wewe uliyekunja uso hapo kama umelamba ndimu: usiniamini hata neno moja, na mwisho wa hekaya hii ukiweza kusimama ukasema, "Feruzi, mwongo wee," basi joho langu hili la hariri nalivua na kukupa. Wenzako wamejaribu, na joho bado ninalo. Na usiniulize nimesoma wapi, maana chuo nilikiacha nikiwa kwenye juzuu ya kwanza, mwalimu akashukuru Mungu. Lakini waliosoma mpaka wakaota sijida kwenye paji la uso hawakuyaona niliyoyaona mimi, na sauti hawana. Mimi nilikuwa mpiga mbiu wa sultani. Nikipiga ngoma yangu sokoni, punda husimama kusikiliza.

Fahamu ya kuwa mji wa Kasbani, ulio baina ya milima miwili na jangwa, ulitawaliwa na Sultani Ghalibu, mtu wa haki na mkono wa birika, na katika ua wa kasri yake palikuwa na kisima kisicho na maji, na ndani ya kisima hicho alikaa jini jina lake Barkashi, aliyefungwa kwa ahadi amtumikie kila avaaye pete ya ufalme. Na sultani alipotaka kuwalipa askari, na kujenga ukuta, na kuwalisha mayatima, aliisugua pete, na jini akapanda na sanduku la dinari mpya, zina joto kama mkate utokao tanuri. Na kila mwaka baada ya mavuno, Sheikh Dahmani mtoza ushuru, mzee mwenye ndevu haba, alipita nyumba kwa nyumba akatoza moja katika kumi, na watu wakamlaani yeye na punda wake. Na mali yote ile aliipeleka uani, akafunga mlango, akaimwaga kisimani. Ndiyo, aliimwaga. Kunja uso tena.

Na habari hiyo hakuna aliyeijua ila yeye na sultani.

Sasa nikupeleke nyumbani kwetu. Kaka yangu Yakuti, aliyenishinda kwa kila jambo isipokuwa sauti na sura, alitekwa na watu wa Jangwa la Chumvi alipokuwa akilinda msafara, wakamtia machimboni akate chumvi. Na watu wale hawataki dinari, maana huko kwao dinari hailiwi wala haipandwi. Wanataka ngamia watatu kwa kila mateka. Na mjumbe wao huja mara moja kwa mwaka, siku ya soko la ngamia, akapiga hema jeusi nje ya lango, na jua likizama hulikunja akaenda zake. Ngamia mmoja zama zile alikuwa dinari mia. Mama yetu, Bi Rehani, alikuwa mfumaji wa mishipi, na kila alichopata akakitia chunguni. Usiniulize kwa nini hakununua mmoja mmoja: ngamia hula, na sisi wenyewe tulikuwa hatuli.

Chungu kikafika dinari mia mbili na themanini, na Sultani Ghalibu akafa.

Akakikalia kiti mwanawe, Sultani Shahabu, kijana wa moyo laini, machozi yako karibu. Na siku ya kwanza ya ushuru alimfuata Sheikh Dahmani mpaka uani, nami nyuma yake na ngoma yangu, akamkuta anamimina.

"Sheikh! Wafanya nini?"

"Narudisha, maulana."

"Warudisha nini? Jini atupa bure, nasi twawakamua mafukara ili tukatupe shimoni?"

"Ndivyo alivyoniusia marehemu baba yako: kitokacho kisimani kirudi kisimani."

"Kwa sababu gani?"

Mzee akakuna ndevu. "Sababu sikumwuliza, maulana. Miaka arobaini nimeona haya."

Sultani akalia mbele yetu, kwa huruma ya watu wake, akamvua mzee kilemba cha kazi, akaniamuru nitoke na ngoma. Na mimi nikatoka. "Enyi watu wa Kasbani! Ushuru umekufa, njooni mazikoni!" Wallahi vigelegele vya siku ile havijasikika tena. Nilibebwa juu kama bwana harusi, na mama yangu akaibusu ngoma yangu mbele ya watu.

"Mwaka huu hatutozwi, mwanangu," akasema. "Mia tatu itatimia. Yakuti anarudi."

Na sultani akafungua mkono. Akajenga chemchemi ya dhahabu itokayo maji ya waridi, na mishahara ya askari akaizidisha mara tatu, na kila aliyeoa akampa dinari mia, na kila mwenye sauti nzuri akamtunza, na hapo nadhani unajua nani alitunzwa zaidi. Pete ilisuguliwa asubuhi na jioni mpaka kito chake kikapungua. Nasi tukasema, hii ndiyo pepo.

Lakini mashamba yalikuwa yale yale. Na siku ya soko la ngamia mama akaenda na chungu chake kichwani, mia tatu kamili, akamshika ngamia shingo, akauliza bei.

"Mia na sabini," akasema mchungaji.

"Baba wee! Mwaka jana si mia?"

"Mwaka jana, mama, hukuwa na watu kumi nyuma yako, kila mmoja na mfuko."

Mama akageuka, na kweli walikuwapo. Akaenda kwenye hema jeusi mikono mitupu, na mjumbe akamwambia, "Yakuti akusalimu. Ameanza kukohoa."

Akarudi kwenye kitanda chake cha kufumia. Na mishipi nayo ilikuwa imepanda bei, akafurahi, akafuma mpaka vidole vikachanika, na mwaka wa pili akaenda na mia tano. Ngamia akawa mia nne. Alikuwa kama mtu akimbizaye kivuli chake jua likiwa mgongoni: kila hatua apigayo, nacho chapiga. Na mjumbe akamwambia, tena kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja:

"Bi mkubwa, mwakani njoo na ngamia, au usijisumbue. Chumvi imeshuka kifuani."

Ndipo mama yangu, ambaye hajapata kukanyaga zulia, alipoingia barazani kwa sultani na chungu cha dinari mkono mmoja na mkate mkono wa pili, akaviweka vyote chini.

"Maulana," akasema, "wewe ni mwema, na wema wako unaniulia mtoto. Zamani chungu hiki kingenunua mikate ya kulisha mji. Leo nimepungukiwa na nini? Dinari ninazo. Nieleze basi, zimekwenda wapi nguvu zake?"

Na sultani akasimama, akatoka naye mpaka kisimani, jua la utosi, akasugua pete. Na jini Barkashi akapanda kama moshi wa tanuri, kichwa chake kikapita mnara, na mimi nilikuwa hapo, sikutetemeka, nilijibanza tu nyuma ya ngoma yangu.

"Ewe Barkashi, umenihadaa?"

"La, ewe mwenye pete. Mimi ni mtumwa wa dinari. Sitoi ngano wala sizai ngamia. Nikikupa dinari mia, huenda mjini kutafuta mkate, na mkate ni ule ule, basi wanunuzi hunyang'anyana, na anyang'anyaye vibaya ni mjane. Baba yako alizitoa, kisha akazirudisha, na zilizobaki zikawa na uzito. Ushuru ule haukuwa chakula cha sultani. Ulikuwa mlango wa dinari kutokea."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Watu wa mji huu mna haya sana."

Sultani akainamisha kichwa. "Nifanye nini?"

"Funga mkono, ufungue kisima. Zirudi nne katika kumi kabla ya soko la ngamia. Na zirudi kweli kweli, maana dinari iliyofichwa haijafa, imelala tu. Na kilicholala huamka."

Basi Sultani Shahabu akaenda kwa miguu mpaka kibandani kwa Sheikh Dahmani, akambusu mkono, akamvika kilemba chake tena. Na chemchemi ya dhahabu ikavunjwa, ikatumbukizwa kisimani vipande vipande, na ujenzi ukasimama, na waashi wakakaa vizingitini, nyundo mapajani, wanawatazama watoto wao. Dawa ile ilikuwa chungu, sikudanganyi. Na mimi nikatumwa kutangaza. Ngoma siku ile ilikohoa, sauti yake nzito kama ya mtu mwenye mafua. Watu wakanicheka. Nikasema ni umande.

"Feruzi!" akanipigia kelele muuza kahawa. "Juzi ulituita mazikoni, leo maiti amefufuka?"

"Amefufuka na ana njaa," nikamjibu. "Lete nne katika kumi."

Wa kwanza kufika kisimani, mlango wa ua ukiwa wazi watu wote waone, alikuwa mama yangu. Akatoa mia mbili katika zile mia tano, kwa mkono wake mwenyewe.

Sheikh Dahmani akauzuia mkono. "Bi Rehani, wewe una mateka. Wewe nakusamehe."

"Usinisamehe, sheikh. Ukinisamehe mimi utamsamehe na jirani yangu, kila nyumba ina mwana wake. Acha nimwage."

Akamwaga. Nasi tukazisikia zikishuka, muda mrefu, kama mvua iendayo mbali.

Na bei zikaanza kushuka. Mwezi wa kwanza mkate, wa pili siagi, wa tano kitambaa. Na asubuhi ya soko la ngamia mchungaji akataja bei: dinari mia. Mama alikuwa na mia tatu. Alikuwa amepaka hina. Sijapata kumwona kijana vile. Alitembea sokoni kama mtu aendaye kuchukua mtoto chuoni.

Akanunua wa kwanza, akamfunga kamba. Akamshika wa pili, akawa anamtazama meno.

Hapo akatokea kijana mmoja mpumbavu, jina lake si kitu, amevaa vizuri kuliko akili yake, akatoa mfuko wa dinari zinazong'aa kama zimetoka kisimani jana, akapaza sauti soko zima limsikie: "Nipe huyu mweupe! Mia mbili, mimi sibishani bei!"

Soko likamgeukia. Kisha mtu akasema, "Kumbe ziko zilizofichwa." Na mwingine, "Ikiwa yeye alificha, mimi ni mjinga wa nani?" Nao wakakimbia majumbani, na walirudi na foronya, na mitungi, na soksi za ngozi, dinari kutoka chini ya vitanda na ndani ya kuta na katika vibanda vya kuku, maana kila nyumba ilisema, wengine watamwaga, kifuko changu kimoja hakitajulikana. Dinari zilizolala zikaamka zote siku moja. Adhuhuri ngamia mmoja akawa dinari mia mbili na hamsini. Alasiri mia nne.

Na mchungaji akauondoa mkono wa mama shingoni mwa ngamia wa pili, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Niwie radhi, mama."

Jua likazama. Hema jeusi likakunjwa. Na mwaka uliofuata mjumbe hakuleta salamu. Alileta mshipi, ule mama aliomfumia Yakuti siku alipoondoka, mgumu kwa chumvi kama ubao.

Na baada ya hayo Sultani Shahabu akaurudisha ushuru wa zamani, moja katika kumi, ukamwagwa mchana mbele ya watu wote, na sababu yake ikasomwa kila mwaka, na hakusugua pete ila kwa kipimo, na bei zikatulia, na waashi wakarudi kazini. Akamwoa mjukuu wa Sheikh Dahmani, msichana mwenye tabia ya kuuliza maswali, na karamu ikawa ndogo, na mimi nikapewa nyumba na mashamba, na leo ni mtu tajiri. Na mafunzo yake ni haya: mali ya mji ni kazi na ngano, dinari ni vipimo vyake tu, na anayetaka kuchota lazima ajue kurudisha.

Umeamini? Basi joho limebaki kwangu.

La, ngoja. Keti. Kuna mahali niliparuka.

Litazame joho hili vizuri. Ndilo alilovaa yule mpumbavu. Dinari zile nilizotunzwa, mia mbili na kidogo, nilizitia ndani ya ngoma, nikazishonea ngozi juu, na siku ile ya kutangaza ushuru nilikuwa nazipiga. Haukuwa umande. Na mama hakuzihitaji, nilijua. Alikuwa na mia tatu zake na bei ilikuwa mia. Lakini nilitaka watu waseme Feruzi ndiye aliyemkomboa Yakuti. Nilitaka angalau ngamia mmoja awe wangu.

Nilimwongoza yule ngamia mweupe mpaka kwa mama. Akamtazama ngamia, akaitazama ngoma mkononi mwangu, ngozi imepasuliwa. Tukaenda na wawili mpaka kwenye hema, na mjumbe akahesabu kwa macho, akasema, "Wawili si watatu."

Mama hajamwambia mtu mpaka leo. Ila kila mwaka, siku ya ushuru, nikiisimamisha ngoma uani, yeye huja wa kwanza na moja yake katika kumi, na kabla hajamwaga, huinama akaweka sikio kwenye ngozi, akanambia, "Piga, mwanangu, nisikie."

Joho lichukue.