Buti za Kahawia na Ndama wa Kinamasi

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe haijamaliza mwezi lakini kwa yaliyonipata naona kama miaka mia, hapo zamani palikuwa na mama mmoja mwoga, mwoga kweli, na mama huyo ni mimi. Wekeni ndoo chini. Bomba lenyewe leo linatoa maji kama linakamuliwa, nafasi mnayo. Sikilizeni, kisha mnipe jibu, maana jioni hii kuna ndama anatoka kwangu na kamba mkononi mwa mtu, na mpaka sasa sijui mtu gani kati ya watatu.

Mnaijua ranchi ya Lihanje, ile ya ng'ombe wa maziwa kule juu kwenye ukungu. Mume wangu yuko mbali anapasua mbao, mwanangu Lusekelo ana miezi saba na anakula kama fundi mwashi, kwa hiyo niliposikia wanatafuta mtunza ndama nikaenda mbio. Kazi nikapata, na chumba nikapewa. Lakini langoni pana kibao: BILA BUTI, RUDI NYUMBANI. Walikiweka baada ya mkamuaji mmoja kukanyagwa na ng'ombe akiwa amevaa ndala, na kidole chake hakijarudi sura mpaka leo. Msimamizi wetu, Bwana Kalinga, akanitazama miguuni.

"Mama Lusekelo, hivyo ni viatu au vifuniko vya sufuria?"

"Ni ndala, bwana."

"Nakupa mpaka siku ya josho. Siku ile ng'ombe wote wanaogeshwa dawa ya kupe, uwanja mzima ni kwato. Ukija na ndala, kazi nampa mwingine."

Nikaogopa. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa ng'ombe, niliogopa Bwana Kalinga, niliogopa hata kibao. Nikaenda kuvaa gambuti za mume wangu, na mume wangu mnamjua alivyo, mguu kama mtumbwi. Hatua ya tatu zizini gambuti ikabaki kwenye tope, mimi nikaendelea bila yake, nikakanyaga kwa soksi kile kitu mnachokijua. Wakamuaji walicheka hadi ng'ombe wakagoma kushusha maziwa.

Aliyecheka kuliko wote ni Dada Bupe, yule mrefu, miaka kumi na minne anakamua pale. Akacheka, akafuta machozi, akaja akanishika mkono. "Mdogo wangu, Jumamosi twende mnadani nikakuchagulie buti. Wewe ukienda peke yako utarudi na viatu vya kwaya."

Jumamosi nikaamka mapema, nimejiandaa. Dada Bupe akanirudisha. Asubuhi hataki! Akanitembeza kutwa nzima, mara kisimani, mara kwa shangazi yake, mara tukapalilie viazi vyake, nikaona huyu kanipata kibarua wa bure. Saa kumi ndipo akasema sasa twende.

"Kwa nini hatukwenda asubuhi, dada?"

"Mguu wa asubuhi ni mgeni, unakaa kwa adabu. Mguu wa jioni ndio mwenyeji, umevimba, unasema kweli. Buti inanunuliwa kwa mguu wa jioni."

Akanivalisha na soksi mbili nene. Mnadani kuna rundo la mitumba, mimi macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye buti nyeusi zenye vifungo vya dhahabu, jamani zilivyokuwa nzuri. Dada Bupe akakunja moja, ikakunjika katikati kama chapati.

"Unakwenda harusini au zizini? Buti inakunjika pale vidole vinapokunjika. Ikikunjika katikati, mguu wako ndio utakuwa ubao wa kuishikilia."

Akakunja nyingine, akakwaruza ngozi kwa kucha, akanusa, akagonga pua ya buti kwa jiwe. Muuzaji anapiga kelele, "Mama, hiyo imetoka Ulaya, hiyo hata askari anaiomba!" Dada Bupe akachukua chupa yake ya maji akamimina ndani ya buti. Muuzaji akashika kichwa. Buti ya kwanza ikavuja, ya pili ikavuja. Mwisho akavuta kutoka chini kabisa ya rundo jozi moja ya kahawia, mbaya, mbaya sana, shingo ndefu ya kushika kifundo, mbele ina chuma ndani, ukigonga inasema ngo. Kidole chake gumba kikaingia nyuma ya kisigino changu, kikaenea sawasawa. Ngozi haikupitisha hata tone. Lakini ya kushoto soli ilikuwa imeachia, mdomo wazi, inacheka.

"Hizi," akasema.

"Dada, hii imekufa."

"Soli inafufuka. Ngozi ikifa haifufuki. Lipa."

Nikatoa doti ya kitenge niliyopewa nilipojifungua, bado ina gundi ya dukani. Roho iliniuma, lakini nikatoa.

Basi hiyo ndiyo kazi ya wa kwanza.

Wa pili ni Fundi Asukile, yule anayeshona viatu karibu na mashine ya kusaga. Nikampelekea buti Jumamosi hiyo hiyo jua linazama, nikamwambia fundi, piga gundi tu, Jumatatu niko kazini. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Gundi? Kwenye tope la Lihanje? Binti, gundi ni ahadi, uzi ndio ndoa. Mtu akija kuniuliza nani alikushonea, unataka nijifiche?"

Akang'oa soli zote mbili, hata ile nzima. Akakata nyingine kwenye tairi la lori, akachonga mifereji mirefu ili tope lipate pa kutokea. Akapaka uzi nta, akashona mshono mmoja, akarudi juu yake mshono wa pili. Jumapili watu wanakwenda ibadani yeye anashona. Na Fundi Asukile ndiye besi ya kwaya, besi yenyewe ni moja tu! Kwaya ikaimba bila besi, mchungaji akageuka kuangalia spika akidhani umeme umekatika. Miaka ishirini hakuwahi kukosa. Jioni akanikabidhi buti, akasema, "Hizi zitakuzidi umri." Malipo akachukua ya gundi.

Hiyo kazi ya wa pili.

Jumatatu nikavaa. Jamani! Ngozi ngumu kama mlango. Kufika saa nne nina malengelenge visigino vyote, nimembeba mtoto mgongoni, natembea kama bata. Mvua ikanyesha, buti zikalowa kwa nje, jioni nikaona nizikaushe haraka, nikaziweka jikoni kando ya moto, pale mafigani. Nilifanya hivyo mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne.

Mama mkwe wangu, Mama Tusajigwe, alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Akanusa. Aliruka kama msichana, akazinyakua kwa mikono mitupu.

"Mwanangu! Unachoma ngozi? Ngozi ikipigwa na moto inapasuka kama ugali wa jana!"

Akazijaza maganda makavu ya mahindi, akaziweka penye upepo. Asubuhi akayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, akazisugua hadi zikalala mikononi mwake kama paka. Kisha akaangalia visigino vyangu, akaangalia buti, akasema neno moja: "Leta."

Akazivaa yeye.

Siku kumi na mbili, nakwambieni. Mimi nilipewa kuosha makopo ya maziwa wakati nangoja josho, na mama mkwe wangu, mjane wa heshima, mwenyekiti wa kina mama, anatembea kijijini na buti za zizini. Alizivaa shambani. Alizivaa kwenye kikao. Alikwenda nazo harusini na kucheza, na bibi harusi akasema hajawahi kuona vumbi kama lile. Watoto wakamfuata, "Bibi askari! Bibi askari!" naye anawapigia saluti. Nyumbani anavua soksi kwa siri, lakini mimi niliona. Visigino vyake vilichubuka hadi nyama nyekundu. Nikalia. Akaniambia, "Nyamaza. Wewe una mtoto wa kubeba, mimi nina kiti cha kukalia."

Siku ya kumi na mbili akanirudishia. Nikaingiza mguu. Laini kama kwapa la mtoto.

Hiyo kazi ya wa tatu. Sasa ikafika Alhamisi, siku ya josho.

Nikapita langoni na buti zangu, Bwana Kalinga akanitazama miguuni, akanifungulia lango. Ng'ombe wanaingia kwenye maji ya dawa, wanaogelea, wanatoka upande wa pili wanajikung'uta, kelele, vumbi, furaha. Katikati ya kelele zile hakuna aliyeona kwamba Ng'ombe Maua, mwenye mimba pevu, aliyepaswa kubaki bandani, ametoka. Akashuka kwenye kinamasi chini ya chemchemi, akazaa huko huko. Tulipofika, ndama ameteleza kwenye tope, kimebaki kichwa.

Bwana Kalinga akaingia na gambuti. Hatua nne, gambuti zote mbili zikamezwa, akatoka na soksi, soksi moja ina tundu. Mwingine akajaribu, akakwama hadi mapajani, tukamvuta kwa kamba. Bwana Kalinga akavua kofia. "Basi. Huyo amekwenda."

Na Lihanje kuna desturi, wote mnaijua: ndama akikatiwa tamaa na msimamizi mbele ya watu, ni wa atakayemtoa akiwa hai.

Wallahi sikuwaza desturi. Niliona pua ndogo inapumua. Nikamtupia mama mkwe mtoto, maana alikuja kuangalia buti zake, nikaingia.

Maua akaja juu, mama na mwanawe, akanikanyaga mguu wa kulia kwa uzito wake wote. Ngo! Chuma kikasema. Vidole vyangu vitano, nimevihesabu, vyote vipo.

Nikafika kwa ndama, nikamshika, tope likavuta. Likavuta mguu wa kushoto, ule wa soli iliyokuwa inacheka. Nikasikia mshono unalia, krr, krr, nikasema basi, na mimi nabaki na soksi. Mshono ukashika. Mifereji ikatema tope. Nikatoka.

Lakini ndama alikuwa baridi kama jiwe, na banda lenye joto liko juu kabisa, njia ya mawe mwanzo hadi mwisho, na anayepumua kwa shida hangoji. Nikamtupa mabegani nikakimbia. Mimi, niliyetembea kama bata, nikakimbia mlima mzima, na kisigino changu hakikusema hata neno. Ningesimama mara moja tu kujipangusa mguu, ndama angefia shingoni mwangu. Tukamsugua kwa majani makavu, tukampulizia. Kimya. Tukamsugua. Kimya. Kisha akapiga chafya usoni kwa Bwana Kalinga.

Jike! Vigelegele vilisikika hadi huku. Bwana Kalinga, na soksi yake ya tundu, akasema mbele ya wote, "Mama Lusekelo, ndama ni wako."

Mimi furaha, nacheka, nalia. Lakini kwenye vyumba vya ranchi haturuhusiwi kufuga hata kuku, ndama nimeachiwa siku tatu tu. Lazima nimpe mlezi kama tunavyofanya siku zote: mlezi anamlisha, maziwa ni yake ila kikombe cha mwanangu, na mtamba wa kwanza, yaani ndama jike wa kwanza atakayezaliwa, ni wa mlezi moja kwa moja. Nikasema nitampa aliyeniwezesha. Kumbe nimewasha moto. Jana walikuja wote watatu, kila mmoja na kamba yake.

Dada Bupe akasema, "Bila jicho langu ungenunua za vifungo vya dhahabu. Leo ungekuwa unahesabu vidole na kukosa. Ndama ni wangu."

Fundi Asukile akasema, "Jicho lako lilichagua buti yenye mdomo wazi. Pale topeni alishikwa na nini, jicho au uzi? Nimeiacha kwaya yatima kwa ajili ya uzi ule. Ndama ni wangu."

Mama mkwe akakaa, akavua viatu, akanyoosha visigino vyake mbele ya watu. Vina makovu mapya. "Ninyi mlishughulika na buti. Mimi nilishughulika na mguu. Wewe ulitoa jicho, bado unalo. Wewe ulitoa uzi, dukani upo. Mimi nilitoa ngozi yangu. Na ningechelewa kidogo pale jikoni, hiyo buti ingekuwa mkaa."

"Mkaa wa buti niliyochagua mimi!" Dada Bupe huyo.

"Uliyoichagua ikiwa imekufa!" Fundi huyo.

Bwana Kalinga naye akapita, akachungulia dirishani: "Na mimi niliyeandika kibao?" Wote watatu wakamgeukia pamoja, "Nenda kavae viatu!"

Nikasema wamlee kwa zamu. Wakakataa wote, na wana haki, ng'ombe wa nyumba tatu hufia njiani. Na ninyi msiniambie nimpe mama mkwe kwa sababu ni mama mkwe. Hilo si jibu, hilo ni woga, na woga ninao wa kutosha.

Ndoo ya kwanza hiyo imejaa. Ndama yuko mlangoni kwangu, ananyonya kamba ya buti yangu ya kushoto, na jua likishuka hadi pale juu ya ule mti wa mlingoti watakuja na kamba zao tatu. Haya, semeni, wenzangu: jicho lililochagua, mkono ulioshona, au kisigino kilichochubuka? Je, nani anastahili kuondoka na ndama?