Tende Zisizogawanyika

Hapo zamani, katika mji wa Vumbini, alikuwako Sultani Zubeir, mwadilifu mno, na uadilifu wake haukuwahi kumshibisha mtu. Kila Ramadhani ilipokaribia aliwatolea raia tende elfu kumi na nyingine tisa, zigawiwe nyumba zote sabini na mbili sawasawa, bila kukata hata moja. Zisipolingana, zote zirudi ghalani, asije akadhulumiwa mtu.

Hesabu hiyo aliichagua Maalim Harith, mnajimu wa jumba, mwenye kilemba kikubwa kuliko kichwa. Alisema ni namba tasa: uigawe kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, haikubali ila kwa moja na kwa yenyewe, kama ufalme wa bwana wake. Basi kila mwaka watumishi walipanga mafungu, na kila mwaka ikabaki tende moja. Maalim akaiinua juu kama aliyevua papa, na makapu yakarudi yalikotoka.

Mwaka huo wajukuu wa Mize, mjane msusi wa mikeka, walikuwa wameshinda na uji mwepesi. Maalim alipoinua tende yake, Mize akapita mbele akasema mafungu yale yatagawiwa. Watu wakacheka, maana walimhesabu punguani. Sultani akamkumbusha kwamba ajitapaye akashindwa hufukuzwa mjini pamoja na watu wa nyumba yake.

"Nimesikia, Seyyid," akasema Mize. "Ila tufuate ada."

Na ada ya Vumbini ilikuwa hivi: mgeni hatii kitu kinywani mpaka mwenyeji aonje kwanza, ijulikane hakina sumu. Sultani hakuwahi kudaiwa hilo, kwa kuwa hakuwahi kulisha mtu. Basi Mize akaitwaa ile tende vidoleni mwa Maalim, akapiga goti, akamnyoshea Sultani.

"Onja, Seyyid, watu wako wapate kula kwa amani."

Maalim akapiga kelele kwamba hiyo ni hila. Sultani akautazama umati. Akajua akikataa, kabla ya magharibi mji mzima utasema tende za jumba zina sumu. Ikawa hana budi. Akala, polepole, kama anayekula kiatu.

"Haya, kimebaki nini?" akauliza Mize.

"Kokwa," akasema Maalim. "Kokwa ni sehemu ya tende, na haina fungu."

"Inalo, Maalim. Ni lako."

Umati ukaangua kicheko. Sultani akajikohoza, akauliza kwa upole wa mtu anayepanga jambo: je, mwakani akichagua hesabu nyingine, inayobakiza hamsini?

"Tutakulisha, Seyyid," akasema Mize, "mpaka igawanyike."

Sultani akataka kukasirika, lakini meno yalikuwa yamenata kwa tende. Akacheka, wa mwisho kuliko wote. Makapu yakatoka. Na hekaya yakoma hapa, maana hakusalia wa kuisimulia. Kila mtu alikuwa anatafuna.