Kupura si Kupaisha

"Kupura si kupaisha." Mmemsikia fundi cherehani akimwambia hivyo mwanafunzi wake, aliyekuwa akivuta hariri kama anayeshona turubai. Mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Yalianzia huku huku Rungwe, kwenye uwanja wa besiboli, na yalianza hivi.

Alikuwako kijana wa sekondari aitwaye Ambakisye, mwana wa pekee wa mjane Tusekile. Nguvu alikuwa nazo mpaka za kuazima watu. Msimu wa maharage ukifika, majirani walimgombea. Alisimama mbele ya turubai lililojaa maganda makavu, akainua fimbo na kuishusha, pu! pu! Kabla ya saa sita magunia mawili yalikuwa yamekwisha kupurwa.

Mwalimu Mwakyoma alipoleta besiboli shuleni, Ambakisye ndiye aliyekabidhiwa gongo la kupigia kabla ya wengine wote. Aliugonga mpira hadi watazamaji wakaziba masikio. Lakini mpira haukupaa. Ulichapa ardhi, ukatimua vumbi, ukabingirika hadi miguuni mwa wapinzani, nao wakauokota bila hata kutoka jasho. Homurani, yaani ule mpigo unaovuka ua na kumwacha mpigaji azunguke vituo vyote kwa raha zake, hakuwahi kuupata hata siku moja.

Jambo hilo lilimuuma sana. Timu ya mkoa ilikuwa inatafuta mpigaji mmoja, na Jumamosi ingewajaribu vijana kwa sharti moja tu: mpira uvuke ua wa michongoma. Wenzake wembamba, ambao yeye angeweza kuwabeba wawili begani, walikuwa wakiuvusha.

"Kaza mkono!" mwalimu alimwambia.

Akakaza. Mpira ukachimba zaidi. Akaongeza ugali, akabeba magogo asubuhi na jioni, na mpira ukazidi kuchimba. Maskini, alikuwa anajiongezea kile kile alichokuwa nacho tele.

Jumatano alasiri mama yake akatokea uwanjani, kanga kaifunga kiunoni na uso kaukunja. Maharage yalikuwa juani siku ya tatu, na mpuraji haonekani nyumbani. Alimkuta mwanawe ameshika gongo, akasubiri amalize ndipo amseme. Ambakisye akapiga mara moja, mara mbili, mara tatu. Tusekile akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, unanicheka mbele za watu?"

"Sikucheki wewe, baba. Nilidhani umeikimbia kazi, kumbe umekuja nayo huku. Si unapura hapo!"

Mwalimu akasogea. "Shikamoo, mama. Unasemaje?"

"Marahaba, mwalimu. Hebu tazama hiyo fimbo yake. Inatoka juu ya kichwa, inakwenda chini. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe tangu ana miaka saba, maana maharage yanakungoja chini. Huo mpira nao unamngoja chini?"

Mwalimu akaligeukia gongo. Miezi minne alikuwa akiitazama misuli ya kijana, wala hakutazama gongo linapita wapi.

"Sasa nifanyeje?" Ambakisye aliuliza, sauti imemnywea.

"Twende nyumbani ukapepete."

Pale kijijini ungo ulikuwa wa wanawake. Jioni ile alipokwisha kupura fungu moja, na jioni mbili zilizofuata, kijana mwenye mabega mapana kama mlango alisimama uani akipepeta, na wasichana wa jirani wakachungulia wakifa kwa kicheko. Aliona aibu kubwa, akatamani ardhi immeze. Tusekile hakumhurumia.

"Mikono ianzie chini, baba. Usiyapige, yanyanyue."

Mwanzo yalimwagika yote. Ijumaa makapi yakapeperuka peke yake, na maharage yakarudi kwenye ungo.

Jumamosi ikafika. Kila kijana alipewa mipira mitatu. Wa kwanza Ambakisye aliuzika ardhini, kwa kuwa mkono ulikuwa bado unakumbuka fimbo. Wa pili ulipanda wima ukadakwa. Akavuta pumzi. Wa tatu ulipokuja, alishusha mikono, kisha akanyanyua. Hakusikia hata uzito. Mpira ukapita juu ya michongoma, ukaangukia kwenye migomba ya watu huko. Alisimama akiukodolea macho hadi mwalimu akamsukuma akimbie.

Alichaguliwa. Furaha ilimjaa. Alikwenda mbio hadi nyumbani, akamkuta mama yake ameinama kwenye turubai, anapura peke yake.

"Nimeuvusha, mama! Lete fimbo, pumzika. Leo nayamaliza mimi."

Akapiga kwa ule mkono wake mpya. Lo! Maharage yakaruka juu kama mvua iliyopotea njia. Mengine yalilia kwenye bati, mengine yakaingia kwa jirani, na kuku wakayakimbilia wakidhani ni sikukuu.

"We Ambakisye!" mama yake alipiga kelele, mikono kichwani. "Hapa si uwanjani! Kupura si kupaisha!"

Wale wasichana wa jirani wakayadaka maneno, na kesho yake yalikuwa kisimani, keshokutwa sokoni. Tangu hapo, mtu akiitia kazi moja mkono wa kazi nyingine, hata awe na nguvu za namna gani, huambiwa hivyo.

Naye Ambakisye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaishika fimbo upya, akaiinua juu ya kichwa, akaishusha, pu! Maharage yakatulia kwenye turubai, na mama yake akaitikia kwa kichwa. Kupura si kupaisha.