Nukta Isiyokuwa na Namba

Mgeni asiyetajwa hujipakulia. Nilisema hivyo jana mwenzenu Saning'o alipoleta marafiki zake bila kuniambia, sufuria ikabaki tupu, nanyi mkataka kujua methali hii nimeitoa wapi. Haya, sogeeni. Ilianzia hapa hapa Longido, katika chumba kilichopakana ukuta na jiko langu.

Chumba hicho alikipanga Namelok, binti aliyesomea kompyuta Arusha akarudi kufungua kampuni yake. Aliwavisha ng'ombe mikanda ya shingoni yenye kifaa kidogo ndani. Kila ng'ombe aliyevaa alionekana kwenye skrini kama nukta yenye namba yake, hivyo akipotea au akiibwa, alipo panajulikana. Mikanda iliyokaribia kuishiwa chaji aliitundika ukutani kama mashada ya vitunguu, vitaa vyake vyekundu vikikonyeza.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Lesikar. "Ng'ombe wangu wamepata simu kabla yangu," alikuwa akimtania. Lakini alimwamini, hata akaacha kuwatumia wachungaji kila siku. Namelok naye akamwahidi: vifaa vikikosea na ng'ombe wakapotea, kampuni itawalipa. Ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko kampuni yenyewe, ndiyo maana akatafuta bima ya kumsaidia kuibeba.

Kabla wakala wa bima hajafika, Namelok aliona nukta isiyokuwa na namba. Ilitembea nyuma ya kundi la Mzee Lesikar, mbali kidogo. Kundi likisimama, nayo inasimama. Akazima mitambo, akaiwasha upya. Skrini ilirudi tupu, na nukta ya kwanza kutokea ikawa ile ile. Akapanda pikipiki hadi malishoni. Pale ilipopaswa kuwa hapakuwa na kitu, ila majani yalikuwa yamelala kama chini ya tumbo la mnyama, na alipoyagusa yalikuwa na joto. Ng'ombe wote walikuwa wameacha kula, wamegeuza nyuso kuelekea huko.

Aliniambia mimi peke yangu, huku akinisaidia kuchambua mboga. Nikamwambia, huyo mtaje mapema kwa mtu wa bima. Akacheka kidogo. "Mama, nikisema mitambo yangu inaona kisichokuwepo, nani atanikatia bima?"

Wakala akaja, Bwana Ulomi, mtu mpole wa kufuta miwani kila baada ya swali. Niliwapelekea chai. Akauliza habari za umeme, za moto, za wezi. Mwisho akafunga kalamu.

"Dada, mimi ni kama mpishi. Ukiniambia wageni watano, napima unga wa watano. Mitambo hii ina tabia yoyote ambayo hujanitajia?"

Namelok akatazama skrini. Nami, birika mkononi, nikatazama. Ile nukta haikuwa malishoni. Ilikuwa imesimama nje ya mlango wetu.

"Hakuna," akasema.

Wakatia sahihi.

Kiangazi kilipokaza, siku moja nukta zote zilikusanyika kisimani. "Wametulia, wanakunywa," Namelok akamwambia Mzee Lesikar kwenye simu ya jirani yake. Hadi jioni skrini ikasema hivyo hivyo. Vijana walipokwenda kuwarudisha, walikuta mikanda tu, imelazwa ukingoni mmoja baada ya mwingine, yote ikiwa bado imefungwa, hata mmoja haukukatwa. Kwato zilizoelekea kisimani zilionekana mchangani. Za kutoka hazikuwepo. Ng'ombe wale hawakuonekana tena.

Bwana Ulomi alirudi. Akarudisha kumbukumbu za mitambo nyuma, taratibu, hadi siku ya chai na kuipita.

"Huyu ni nani?" akauliza, kidole chake juu ya ile nukta isiyokuwa na namba.

"Simjui."

"Ulimwona kabla sijaja?"

Namelok akasukuma kikombe chake pembeni. "Nilimwona."

Ulomi akavua miwani, safari hii asiifute. "Dada, huyu sikumpimia unga. Bima haitalipa."

Mzee Lesikar alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya fimbo. Hakupandisha sauti. "Mgeni asiyetajwa hujipakulia," akasema, akaondoka.

Namelok aliuza mitambo, akanunua ng'ombe, akawachanganya na wale aliorithi kwa mama yake, akawapeleka bomani kwa mzee. Nilimsindikiza. Wazee wa kule hawahesabu ng'ombe kwa sauti. Mzee Lesikar alisimama langoni akisoma rangi zao wakipita. Wa mwisho alipoingia, hakufunga lango. Macho yake yaliendelea kufuata kitu kilichopita polepole, na vumbi likainuka, likatua.

"Mwanangu, na huyu wa nyuma ni wa nani?"

Mimi sikuona kitu. Namelok alinishika mkono, akasema wazi. "Simjui, baba. Alikuwepo kabla ya bima. Nilimficha. Namtaja sasa, mbele yako."

Mzee akageukia watu wa nyumbani kwake. "Mmesikia. Ongezeni maji kwenye hori."

Tangu hapo hakupotea hata ndama. Ila wenyewe husema maji ya hori lile hupungua kuliko ng'ombe wanavyokunywa, na kila jioni huongezwa bila mtu kuuliza.

Basi, wajukuu zangu, mkija na mtu, semeni mlangoni, nami nitaongeza unga. Mgeni asiyetajwa hujipakulia.