Chaki za Darasa la Kwanza

Wapendwa, wiki hii shule zimefunga, na kelele za watoto mmezisikia mitaani. Basi mfano wangu leo ni wa shule. Msianze kuulizana ni shule ipi. Nimeitunga mwenyewe, na mji wake pia nimeutunga: mji mdogo wenye stendi moja na soko moja, ambako ukikaanga samaki kwako, mtaa wa pili wanajua ni samaki gani.

Kulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza katika shule hiyo. Alikuwa mwalimu mzuri, sitaki mumchukie. Januari alijinunulia boksi la chaki za rangi, ili akiandika herufi ubaoni achore na andazi, achore na samaki, watoto wasisinzie. Watoto wakazipenda zile chaki kuliko walivyompenda yeye.

Kabla Januari haijaisha, asubuhi moja boksi halipo. Akatafuta mezani, kabatini, dirishani. Halipo. Akawageukia watoto akawatazama mmoja mmoja, na ninyi mnajua, ukishaanza kumtazama mtu hivyo, hakosi kasoro. Huyu mbona ameinama? Huyu mbona anacheka? Na yule aliyetulia sana, ametulizwa na nini?

Akasema, "Nyoosheni mikono."

Ule ukaguzi wa kucha wa Jumatatu sote tumeupitia. Siku ile mwalimu hakuwa na habari na kucha. Alikuwa anatafuta rangi, na akaipata kwa binti mmoja mdogo, buluu kidogo kidoleni. Mama wa binti huyo anauza pombe ya kienyeji nyuma ya soko. Baba yake hajulikani.

Mwalimu akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Umemkuta nazo?" mwalimu mkuu akauliza.

"Sijamkuta nazo. Lakini kidole kina rangi, na kwao unakujua."

"Jana nani alifuta ubao?"

Mwalimu akageukia mlango. Ubao ulifutwa na mtoto yuleyule, na aliyemtuma aufute ni yeye mwenyewe. Si jambo lilikuwa limeisha hapo? Lingeisha, kama angekuwa anatafuta chaki. Lakini yeye alishampata mwizi. Njiani kurudi darasani akajiambia kwamba yule mtoto ndiye aliyenyoosha kidole kuomba kufuta ubao, na aliomba makusudi, ili apate kisingizio. Ndugu zangu, mtoto wa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka, apange mipango ya namna hiyo?

Tangu siku ile, kila kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, mwalimu alisimama mlangoni. Watoto wanapanga mstari, wananyoosha mikono, wanageuza viganja, wanafungua mabegi. Na yule binti aliwekwa wa kwanza, mfuko wake ukakung'utwa mpaka makombo ya kiporo yakadondoka sakafuni. Hakuna aliyemwita mwizi. Mwalimu alikuwa mtu wa adabu zake, hakuwahi kulitamka neno hilo. Lakini watoto wana macho. Wa deski lake wakaanza kusogea. Wa mbele yake wakaanza kukumbatia madaftari.

Katikati ya mwaka mama yake akaja shuleni, mikono bado inanuka machicha ya pombe, akasimama nje ya mlango wa darasa.

"Mwalimu, mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Kwani kuna nini?"

"Akirudi nyumbani ananinyooshea mikono kwanza, ndipo ananiamkia."

"Tunajihadhari tu, mama. Watoto ni wengi."

Mama akashukuru, akaondoka. Angesema nini tena? Na mwalimu akamsindikiza kwa macho mpaka getini, akiwaza moyoni: kama hana la kuficha, kilichomleta ni nini?

Mwaka ukaenda hivyo. Wakajifunza kusoma, wakajifunza kujumlisha, mvua zikaja, zikapita. Ikafika siku ya kufunga shule. Mwalimu yuko darasani peke yake anafungasha vitu vyake, watoto wako nje wanacheza. Mara akasikia sauti yake mwenyewe inatoka nyuma ya ukuta.

"Nyoosheni mikono. Geuza. Na huko nyuma, nawaona."

Akacheka. Wanamwigiza. Akatoka taratibu kuchungulia, maana mwalimu gani hapendi kuona watoto wake wanacheza shule? Akakuta mtoto mmoja ameshika kijiti, amesimama kama yeye, na wenzake wamepanga mstari. Mwalimu akasubiri aone wanasoma nini. Hawakusoma. Hakuna aliyeimba a-e-i-o-u, hakuna aliyehesabu. Shule yao yote ilikuwa ni kukaguana, na wakimaliza wanaanza upya.

Na pembeni, peke yake, amechuchumaa yule binti.

"Mbona wewe hujapanga mstari?"

"Mimi ndiye mwizi, mwalimu," akajibu, na alikuwa na furaha kabisa, kwa sababu mwaka mzima hawakumchezesha na leo amepewa nafasi.

"Umeiba nini?"

Mtoto akafikiri, akawatazama wenzake.

"Bado hawajaniambia."

Sasa nawaona mnasubiri niwaambie chaki zilikwenda wapi. Siwaambii. Nilipotaja pombe ya mama yule, niliona vichwa vikitikisika humu ndani, mkaona kesi imekwisha. Kesi gani? Kuna aliyewaambia amechukua? Mimi sikuwaambia. Mmemhukumu mtoto ambaye hata hayupo, mtoto niliyemtunga mimi mwenyewe asubuhi nikinywa chai. Huyo ni wa kutunga. Je, wale wa kweli tunaoishi nao?

Sisi hatuhitaji kutamka neno. Tunasogea kwenye benchi. Tunahamisha mkoba kutoka kulia kwenda kushoto. Tunasema tunajihadhari tu. Na watoto wetu wamekaa hapo mbele, wanatazama, wanajifunza.

Kuna dada mmoja alihamia mtaa wetu huu, akasali nasi tangu Pasaka, pale benchi la mwisho, benchi zima yeye peke yake. Jumapili ya leo ni ya pili hajaonekana. Nimewauliza wazee wa kanisa ana shida gani na sisi, kila mzee akaniambia amesikia jambo juu yake kwa mwenzake. Jambo lenyewe hakuna anayelijua.

Ibada ikiisha nakwenda kwake kwa miguu, ni hapo tu nyuma ya mashine ya kusaga, na ninyi nyote nawaomba tufuatane. Akituuliza amekosa nini, mimi sina jibu. Mwenye jibu atangulie.